Hewa Ndani ya Mpira

Ninauza mipira ya maji kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Mteja akitaja urefu, naivuta kutoka ukutani ilikoning'inia, napima, narudia kupima, ndipo nakata. Mwenye duka ananitania: "Dada, unauza mpira au unauza dhahabu?" Nacheka naye. Lakini nikirudi chumbani kwangu mtaa wa Soweto, njia nzima najiuliza kama yule wa mwisho sikumpunja. Siku moja niligeuka nusu ya njia nikarudi dukani kuuliza mteja anakaa wapi. Watu wanadhani ni uaminifu. Ni woga tu.

Nilikuwa hivi hata shuleni. Sekondari yetu, juu huko Old Moshi, ilijengwa kwa nguvu za wananchi na haikuwa na mwalimu wa fizikia. Alikuja mmoja, akafundisha muhula, kisha akateremka mjini kufungua kibanda cha kaseti. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Wasichana wenzangu wakaliacha somo. Mimi nikakataa, nikajisomea peke yangu, na nilipokaa kwenye mtihani niliona maswali ya vifaa ambavyo nilikuwa nimeviona kwa mchoro tu. Sikuchaguliwa kuendelea. Nikarudi nyumbani kwa mama kukata majani ya ng'ombe.

Kitabu cha upimaji wa ardhi nilikinunua chini, kwenye turubai la wauza mitumba karibu na stendi. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Nilikisoma na kamusi pembeni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya zizi. Vyombo vingi vilivyotajwa humo nisingeweza kuvipata maisha yangu yote, isipokuwa kimoja: mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani. Ukiujaza maji, yale ya ncha hii na yale ya ncha ile husimama usawa mmoja, hata kama katikati mpira umelala bondeni. Mafundi wa nyumba wanautumia kila siku. Una sharti moja tu, kusiwe na hewa ndani. Pumzi ndogo kama punje ya mahindi ikinasa kwenye mkunjo, maji ya upande mmoja yanayapita ya upande wa pili, na wewe unaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Nilipima ua wote. Nilipima ngazi za kanisa, mama akinivuta gauni kwa aibu.

Kisha masika ikabeba ukingo wa mfongo wetu. Mfongo ni mfereji waliouchimba mababu, unaotoa maji mtoni juu na kuyapitisha kihamba kwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kila nyumba na zamu yake. Kahawa haikuwa na bei tena. Watu walikuwa wanaing'oa na kupanda nyanya na kabichi, na nyanya zina kiu kuliko kahawa. Mama alikuwa mjane, na kihamba chetu kilikuwa cha mwisho kabisa. Wa juu wakikosa maji wiki moja, sisi tulikosa mwezi. Migomba yake ilishaanza kukunja majani kama mtu anayejifunika shuka. Kama mfongo usingepona kabla ya kiangazi, hatungekuwa na ndizi, wala majani, wala ng'ombe.

Wanaume walikutana kwa mzee wa mfongo, yule anayegawa zamu na kusuluhisha ugomvi wa maji. Ukingo wa zamani ulikuwa umemezwa na korongo. Ilibidi kupita njia mpya, na njia fupi ilipanda juu ya mgongo wa mwamba. Swali lilikuwa moja: maji yataupanda ule mwamba au hayataupanda? Baba mdogo, aliyenilea kama baba baada ya baba kufa, ndiye aliyenitaja.

"Huyu binti wetu ana mpira unaosema ukweli," alisema.

"Hata mke wangu ana mdomo unaosema ukweli," mmoja akajibu, "lakini siupeleki mtoni." Wakacheka. Mzee wa mfongo hakucheka. Alizungusha mkononi kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akaniuliza kama kweli naweza.

"Shikamoo mzee. Naweza. Lakini lazima nianzie kwenye banio." Banio ni pale mtoni, maji yanapoingia mfongoni.

Mzee akasema kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kufunga mlango: "Hadi kwenye masale, mwanangu."

Masale ni yale majani marefu tunayopanda kwenye mipaka. Yapo yaliyosimama mstari ukivuka mfongo, chini kidogo ya banio, na mwanamke hapiti pale. Akipita, maji yanachukia na kurudi mtoni. Hivyo ndivyo tulivyokuzwa. Mama alioga maji yale tangu alipoolewa, akayapikia, akaniosha mimi nayo siku niliyozaliwa, na hakuwahi kuona yanakotoka.

Basi nilipima, kwa mpira na fimbo niliyoichora vipimo, kutoka kwenye mwamba hadi kwenye masale. Mgongo wa mwamba ulikuwa juu ya masale kwa kimo cha mtu mzima. Banio lilitakiwa kuwa juu zaidi ya hapo. Kipande kile cha mwisho nilimwachia baba mdogo na jirani mmoja. Kabla hawajapita niliwaeleza hewa hadi wakachoka.

"Ujazeni taratibu. Msiutumbukize mtoni ukajijaza wenyewe. Halafu muupitishe machoni wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkiugonga kwa kidole."

"Hewa ina uzito gani?" baba mdogo akauliza akimkonyeza jirani. "Ukiona tumepaa na mpira, ujue ni hewa."

Walipotea nyuma ya masale. Nilisikia sauti zao, nikasikia mto, nikasikia kicheko. Nilikuwa nimesimama kwenye majani, vidole vya miguu vikiwa karibu kabisa na mpaka, nikihesabu vitu vyote vinavyoweza kwenda vibaya. Waliporudi, baba mdogo alisema banio liko juu ya masale kwa kimo cha mtu aliyeinua mkono.

"Mmeugonga?"

"Tumeugonga, mwalimu."

Niliomba niuone mpira. Ulikuwa mtupu. Alikuwa ameyamwaga maji kule kule, eti mzito kubeba. Nikaomba wapime tena. Jirani akaangalia jua, akasema ana ng'ombe wa kukamua. Nikamwambia mzee wa mfongo kwamba kipande cha juu kimepimwa mara moja tu, na kitabu kinataka kwenda na kurudi. Akasema, "Wanaume wawili wamesema, binti. Inatosha." Nami nilijumlisha namba walizonipa. Zilijumlika vizuri. Mkono mmoja wa ziada juu ya mwamba, maji yangepita.

Walichimba kwa zamu hadi viganja vikatoka malengelenge. Siku ya kufungua, wanawake tulisubiri kwenye mwamba na majembe yetu. Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yakisukuma majani makavu mbele yake, na watu wakapiga vigelegele. Yakafika chini ya mwamba. Yakajaa. Yakapanda polepole, nami nilipanda nayo kifuani, hadi yakabakiza kama upana wa viganja viwili kufika mgongoni. Hapo yakasimama. Yakazunguka yenyewe kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, kisha yakabomoa ukingo laini na kumwagikia korongoni.

Hakuna aliyepiga kelele. Ni kijana mmoja tu aliyesema, wala si kwa ubaya, kwa mzaha wa mtu aliyechoka: "Maji ya mababu yamekataa kupimwa na sketi."

Mzaha ule ulipanda mlima na kushuka. Kufikia Jumapili haukuwa mzaha tena. Wakasema nilipita masale. Nilikuwa nimesimama karibu mno, kuna mtu aliniona. Wakasema zamu ya kihamba chetu isimamishwe hadi banio lisafishwe. Baba mdogo alisema, "Hapana, mtoto hakupita, mimi nilikuwepo." Hakusema habari ya mpira. Simlaumu, nadhani hakujua kama kulikuwa na la kusema. Alikuwa ameshika fimbo pale alipoambiwa ashike.

Mimi nilirudi kwenye hesabu. Nilirudia ua, nikarudia kutoka mwamba hadi masale, peke yangu, nikifunga ncha moja ya mpira kwenye mti. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na kila mara sikuliamini. Sikuweza kula. Nilikuwa na hakika kwamba kosa lipo mahali kwenye kichwa changu, dogo kama punje, na kwamba mtu aliyefundishwa na mwalimu wa kweli angeliona mara moja.

Asubuhi moja mama alitoka uani na jani la isale, moja ya yale masale ya mpakani, amelifunga fundo. Kila Mchagga anajua maana yake. Ukimpelekea mtu isale, umeungama, naye hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Hata aliyeuliwa ndugu hukubali.

"Mama, unalipeleka wapi?"

"Kwa mzee wa mfongo."

"Lakini sijapita masale. Na hesabu sijakosea. Sijui kama nimekosea."

"Mimi pia sijui," alisema mama, akijifunga kitenge. "Ninachojua ni kwamba migomba haili hesabu."

Mzee alilipokea, kama ilivyompasa. Banio likamwagiwa mbege na damu ya mbuzi. Zamu yetu ikarudi, ya maji kidogo yaliyokuwa bado yakipita kwenye tawi la zamani la mfongo. Sharti lilikuwa moja: nisibebe tena mpira mahali popote kwenye mfongo. Nilipomwamkia mzee njiani aliitikia vizuri, "Marahaba mwanangu," na kunitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimesamehewa. Huwezi kumfuata mtu aliyekusamehe ukamwambia ngoja, hebu tuchunguze kwanza kama nilikosa. Jani lilishasema. Nilianza kujifikiria kama mtu aliyekosa, na mtu aliyekosa hapeleki barua ya maombi kwenye chuo cha ufundi. Nilikuwa na fomu. Iliishia kuwa karatasi ya kuwashia moto.

Maji yale kidogo hayakutosha. Migomba ya mama ilianguka mmoja mmoja. Nikateremka mjini kutafuta kazi.

Baadaye mfongo wenyewe ulikufa, taratibu, bila mkosi wa mtu. Vijana waliotakiwa kuuzibua kila msimu walikuwa Dar, Arusha, kwenye maduka. Walioishi juu yetu walivuta mabomba ya kwao. Mzee wa mfongo alifariki. Baba mdogo alihamia Mabogini kulima mpunga kwenye maji ya wengine. Mto ukapungua hadi ukawa mawe yenye unyevu.

Mwezi uliopita nilipanda nyumbani na kipande cha mpira nilichokikata mwenyewe. Sikuwa na mtu wa kushika ncha ya pili. Mama akasema, "Mimi nina kazi gani?"

Tulijaza mpira kwa maji ya ndoo, kwa kikombe, taratibu. Niliugonga wote kwa kidole. Mama naye aliugonga nyuma yangu, kwa kidole chake kilichopinda, akikunja macho. Kwenye masale tulisimama. Hakukuwa na mtu wa kutukataza. Mama alitazama kushoto na kulia kama anayevuka barabara ya mjini, akapita.

Banio lilikuwa shimo lenye mawe matatu na chupa ya plastiki.

"Ndiyo hapa tu?" alisema.

Tulipima kushuka hadi kwenye masale, kisha tukapima kupanda tena. Mara ya pili alilalamika mkono, nikamwambia avumilie kidogo, mama, kitabu kinataka kwenda na kurudi. Majibu yalikubaliana. Banio lilikuwa juu ya masale kwa kimo cha mtu hadi mabegani. Si zaidi. Maji yasingeupanda ule mwamba hata wangepima wanaume wa mlima mzima. Ningelijua hilo siku ile, ningesema tuzunguke chini ya mwamba, tuchimbe zaidi, na yangefika.

"Ilikuwa nini?" mama akauliza.

"Hewa, nadhani. Ndani ya mpira."

Nilisubiri nijisikie mwepesi. Sikujisikia. Nilifikiri tu kwamba ningepaswa kuja na fimbo iliyonyooka zaidi.

Mama alikaa juu ya jiwe la banio, akaondoa viatu, akakanyaga mchanga mkavu. Kisha akayatazama yale masale, ambayo bado yalikuwa kijani kwa sababu hayahitaji maji mengi.

"Mimi nilipeleka isale," alisema. "Sasa sisi atatuletea nani?"

Nilimwaga maji, nikaukunja mpira, nikauweka begani, tukashuka.