Kilichoandikwa Kwenye Maelezo Mengineyo

Cherehani ya Fundi ilikuwa na kelele kuliko zote nilizowahi kukaa nazo chumba kimoja, na sababu aliijua mwenyewe. Kichwa cha cherehani hushikwa mezani kwa skrubu mbili. Yeye alikaza moja tu. Ya pili aliitupia kwenye kopo la vifungo, na kila nilipolalamika kwamba meza inatetemeka mpaka pasi yangu inataka kutembea yenyewe, alinijibu, "Mama Pasi, wewe nyoosha nguo. Mambo ya skrubu niachie."

Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba mwenzangu alishamkimbia mumewe mara mbili. Mara ya kwanza skrubu ya pili iligoma kufunguka, akaiacha cherehani na kuondoka na mtoto mgongoni. Mara ya pili, kule alikojificha, mwanamume aliwafikia kwa sababu shangazi mmoja hakujua kunyamaza. Kovu la nyuma ya sikio ni la siku hiyo. Hapa kwetu, mara ya tatu, alifika na kichwa cha cherehani ndani ya gunia na binti wa miaka mitano tuliyekuja kumwita Kasuku, maana hafungi mdomo hata akiwa anapiga mswaki.

Miaka minne tukakaa vizuri. Fundi ni mtu wa siri mpaka anaudhi. Vipimo vya wateja anaviandika daftarini kwa majina ya kupanga: Bega Moja Juu, Kiuno Kinapumua, Mrefu wa Benki. Siku moja mume wa mteja alikuja kuomba vipimo vya mkewe, eti anataka kumshtukiza kwa gauni. Fundi akamjibu, "Mlete mwenyewe nimpime." Yule bwana aliondoka amenuna, na mimi nikamsema Fundi siku nzima kwa kutufukuzia kazi. Leo naona haya kukumbuka.

Ule ujumbe wa shule uliingia asubuhi tukiwa tumezama kwenye sare za muhula mpya. Fundi akausoma kwa sauti: "Ndugu mzazi, mfumo wetu wa kumbukumbu umepata hitilafu ndogo. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Labda matokeo yamepotea," nikasema.

"Ya hesabu za Kasuku yapotee tu," akajibu, tukacheka.

Kabla ya saa sita akaja mteja wetu mmoja, mama wa mapacha wanaosoma darasa moja na Kasuku. Hakuingia. Alisimama mlangoni ameishika simu kwa mikono miwili. "Fundi, umeliona hili faili linalozunguka kwenye kundi la wazazi? Kuna mtu ameingia kwenye kompyuta ya shule, kalimwaga lote."

Lilikuwa jedwali refu. Jina la mtoto, picha, darasa, simu ya mzazi, na mwisho kabisa safu ya maelezo mengineyo. Huyu ana pumu. Huyu asipewe mayai. Mbele ya picha ya Kasuku, anayecheka na pengo lake, paliandikwa: "Baba yake asijue wanapoishi. Wanakaa nyumba ya bluu nyuma ya kiwanda cha matofali, mama ni fundi cherehani. SIRI."

Fundi alikata uzi, akaikunja sare aliyokuwa anaishona, akavuta droo na kutoa bisibisi.

"Unakwenda wapi?"

"Mbali. Kasuku nampitia darasani."

Mimi si mtu wa hekima, ni mtu wa pasi. Niliichukua ikiwa ya moto nikaiweka juu ya kichwa cha cherehani. "Ukitaka kufungua, anza na hii."

Alinitazama kama ananichukia, na nadhani kwa dakika ile alinichukia kweli. Nikamwambia, "Twende shule kwanza, mtoto tumwone kwa macho. Ukitoka hapo bado unataka kukimbia, gunia nitalishika mimi."

Mwalimu mkuu alitupokea kwa sauti ya mkutano wa wazazi, akisema shule inalifanyia kazi suala hilo. Fundi alimwacha amalize, kisha akamgeukia karani, mama mpole anayewajua watoto wote kwa sauti ya kikohozi. "Nani aliandika yale?"

"Mimi." Karani alikuwa amekwisha kulia kabla hatujafika. "Siku unamwandikisha ulinieleza yote, ukanisihi. Nikawaza, nikihamishwa dawati, atakayekuja hatajua, atampa yule bwana mtoto. Na mtoto akiugua je, tumpeleke wapi? Nikaandika ili mtu asikosee."

Nilitaka kumzaba kibao. Kilichonizuia ni kwamba ningekuwa mimi kwenye kiti kile, ningeandika vilevile, na herufi kubwa ningeziweka.

"Mama, tumeshaomba radhi," mwalimu mkuu akasema.

"Radhi nimeipokea," Fundi akajibu. "Sasa nataka kujua nani ameliona hili faili."

Mwalimu mkuu hakujua. Karani ndiye aliyetuandikia kwenye kipande cha karatasi mahali wanapotoa msaada wa kisheria bila malipo. Tukamchukua Kasuku katikati ya somo. Njiani aliuliza mara moja tu, "Nimefanya kosa gani?" kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko lile jedwali.

Ofisi ilikuwa juu ya mafundi wa matairi. Wakili alikuwa binti mdogo, sketi yake imefumuka pindo na ameibana kwa pini za karatasi. Fundi aliongea naye akiliangalia pindo lile muda wote.

"Kuhama ni haki yako, Mama, sikukatazi," wakili alisema. "Lakini ukihama leo, shule nyingine nayo itakuuliza unakaa wapi, na itaandika."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza usifute kitu. Ujumbe wa shule, hilo faili, vyote vipige picha vikiwa na tarehe. Nyumba ya bluu msirudi kulala. Una mtu wa kukaa naye?"

"Anaye," nikasema.

"Laini ya simu iliyomo kwenye faili usiivunje. Iweke kwenye simu nyingine, wewe tumia mpya. Mumeo akipiga, huo ni ushahidi. Polisi tunakwenda sasa hivi, taarifa iandikwe, upewe namba. Kesho tunaomba mahakamani amri ya kumzuia asiwasogelee wewe na mtoto. Na shule nitaiandikia barua: nini kimevuja, lini, kwa njia gani, wamefanya nini. Wajibu kwa maandishi. Tena leo hii waweke getini majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Wawili tu."

"Na shule yenyewe inaachwa hivihivi?" nikadakia.

"Haiachwi. Tutapeleka malalamiko kwenye mamlaka ya kulinda taarifa binafsi, na fidia mnaweza kudai. Ila hiyo ni safari ndefu, sitawadanganya. Mtoto kwanza."

Kisha akasogeza fomu ya mahakama. Fundi alijaza mistari miwili, akaiweka kalamu chini. "Hapa wanataka kujua ninapokaa."

"Andika anwani ya ofisi hii. Na tutaomba ya kwako ifichwe kwenye jalada."

Alikaa na ile kalamu muda mrefu, mafundi wa matairi wanagonga chini yetu. Sikumhimiza. Mtu aliyeumizwa na karatasi asubuhi, unamwambiaje jioni aiamini karatasi nyingine? Mwishowe akaandika, polepole, kama anatarizi.

Amri ya muda ilitoka siku ya nne. Walikuwa wamehamia kwangu, Kasuku amerudi darasani baada ya orodha kuwekwa getini, na Fundi bado hakuwa ameamua abaki au akimbie. Gunia lilikuwa limekunjwa chini ya meza.

Siku ya sita, tukiwa kazini, simu ya zamani iliita. Tuliiweka ndani ya kopo la vifungo, ikawa inatetemesha kopo zima. Fundi akaipokea bila kusema, akabonyeza spika. Sauti ya kiume, ya upole kabisa, ikasema, "Rangi ya bluu imekupendeza. Lakini mlango umefungwa. Basi acha nikamsalimie mtoto."

Shule ilikuwa inakaribia kutoka. Sijui nani alizima pasi, kama ilizimwa. Nilikimbia na kandambili mkononi, Fundi akiwa mbele yangu na simu mpya sikioni, anawatajia polisi ile namba ya taarifa.

Alikuwa getini kweli, shati limenyooshwa vizuri, mwanasesere kwapani. Mlinzi wa geti alikuwa amevaa miwani na anasoma orodha kwa kidole.

"Mimi ni baba yake," yule bwana alisema.

"Nimekusikia. Hapa pana Mama mzazi, na pana Mama Pasi." Mlinzi akainua macho. "Wewe ndiye Mama Pasi?"

Nyuma yake karani aliuegemea mlango mdogo kwa mgongo. Hakubanduka.

Yule bwana akageuka, akamwona Fundi. "Mke wangu, kwa nini unanitia aibu mbele za watu?"

Fundi alisimama. Nilimwona akiitazama njia ya kulia, kisha ya kushoto, nikajua anatafuta pa kukimbilia. Kisha akatoa ile karatasi ya mahakama ndani ya blauzi na kuikunjua.

"Hii itakufikia mkononi leo," akasema. "Mimi sitoki hapa."

Yule bwana hakumsogelea. Watu walikuwa wengi, na mlinzi alishavua miwani. Askari wawili walipofika kwa pikipiki wakamsomea amri neno kwa neno, wakamweleza kwamba akirudi atawekwa ndani. Akaweka saini, akamwacha mwanasesere ukutani.

Sisemi yameisha. Kesi yenyewe ina tarehe mwezi ujao. Shule ilijibu barua kwa kurasa mbili, wakili akazirudisha kwa sababu hazikusema nani ameliona faili. Mamlaka wametupa namba ya malalamiko. Ile safu ya maelezo mengineyo imefutwa, na Fundi bado anatazama mlangoni kila kivuli kikipita.

Lakini kesho yake baada ya yale ya getini, Fundi alimwaga kopo la vifungo mezani, akapekua, kisha akasema bila kugeuka, "Mama Pasi, nipe bisibisi."

Nikampa, maana nilikuwa nimeahidi. Nikainama kulivuta lile gunia.

"Gunia la nini?" akauliza. Alikuwa ameshaitia skrubu ya pili kwenye tundu lake. Aliikaza mpaka vidole vikamwuma, kisha akaichukua ile sketi ambayo wakili alituachia na kuanza kushona pindo.