Mtunza Maabara na Kidole cha Hidaya

Mtunza maabara wa shule yetu hupangusa dira moja moja kwa upindo wa kanga, maana ukungu wa milima ya Magamba huingia hata madirisha yakifungwa. Huzirudisha kabatini mbalimbali, sindano zisivutane. Haongei sana. Siku niliyofundisha usumaku unaozunguka waya wenye umeme, darasa zima lilishangilia sindano ilipogeuka, ila Hidaya, asiyeona, alichapa kwa nukta nundu yale aliyosimuliwa na jirani yake. Yule mama mtunza maabara alimtazama mpaka kengele ikalia.

Kesho yake asubuhi niliwakuta wawili hao mezani. Mama alikuwa amezungusha waya mara mia tatu kwenye kopo la plastiki, na ndani yake amening'iniza kwa uzi kipande cha msumeno alichokisugua kwa sumaku.

"Weka kidole hapa, mwanangu. Usisukume."

Akaunganisha betri. Chuma kikageuka taratibu, kikamgusa Hidaya kidoleni.

"Zima, mama. Washa tena."

Mama akazima, akawasha.

"Mwalimu," Hidaya akaniambia, "kumbe ni kweli."

Mama akawasha mara ya tatu kabla hajaombwa.