Tulidai kiti, tukaletewa viti

Jamani, leo tumeandamana tukiwa tumekaa.

Chuoni kwetu hapa Katandala tuko viziwi kumi na mmoja, na serikali ya wanafunzi haijawahi kuwa na kiziwi hata mmoja. Kila tangazo linatufikia likiwa limeshapoa.

Basi asubuhi tukaenda kusimama mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo. Upepo wa Ufipa nao mnaujua, nusura utunyang'anye bango. Nililiandika mwenyewe, herufi kubwa: VIZIWI TUNATAKA KITI!

Mkuu akachungulia dirishani, akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma.

Punde babu mlinzi akaja anahema, amebeba viti vya plastiki. Vilitutosha wote!

Tukatazamana. Teddy, mwenzangu wa darasani, akaniuliza kwa alama, "Tukae?"

"Tukae," nikamjibu. "Ila mlangoni."

Tukaziba mlango wote. Saa saba mkuu anataka kwenda kula, hana pa kupita. Akaandika kwenye karatasi: "Viti si nimewapa? Mnataka nini tena?"

Nikaandika chini yake: "Shikamoo mwalimu. Tunataka kiti kwenye serikali ya wanafunzi."

Alisoma mara mbili. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika, "Nimekubali. Kesho leteni jina moja," akasaini.

Sasa tuko bwenini tangu saa nane, kila mtu anataka jina liwe lake. Mikono inatuuma kwa kubishana.

Nyie mngemchagua nani? Teddy, wewe usijibu.