Viatu Penye Mdomo wa Korongo

Kwetu Ushetu tunawinda mbawala tukiwa juu ya mti. Unafunga magogo matatu kwenye panda ya mkuyu, unakaa na gobore lako, unangoja mnyama aje kuokota tini zilizodondoka. Korongo letu lina mikuyu miwili ya namna hiyo, kwa hiyo tuna utaratibu: kabla ya kupanda, viatu unaviacha njia inapoingia korongoni. Anayefuata akivikuta anajua kuna mtu ndani, na hafyatui mpaka amwone mnyama mzima, kichwa hadi mkia. Asipovikuta, korongo ni lake.

Mimi utaratibu huo niliuegemea kuliko wenzangu. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia. Kitu cha hatua thelathini nakiona ukungu. Sikumwambia mtu. Mwenye macho mabovu ananyang'anywa mti, na mimi sikuwa tayari kushinda nyumbani nikibangua karanga.

Siku hiyo nilifika kumepambazuka. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amesema huenda akaja. Sikukuta viatu. Nikajisemea, huyo bado anakoroma, ndiyo kawaida yake. Nikapanda.

Jua lilipochomoza nikasikia majani yakichakachika upande wa maji. Kitu cha kahawia kikapita. Nikafyatua, na kilichopiga yowe kilikuwa mtu.

Shemeji alikuwa ameshuka mti wa pili kunywa maji. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya ngozi, amevinunua Nyasubi wiki hiyohiyo. Aliogopa vitaibiwa, akapanda navyo. Vipande vya chuma vya gobore langu vilimwingia pajani. Nilimfunga kwa shati langu, nikambeba mgongoni hadi barabarani. Niliogopa sana, sifichi.

Hospitalini walimtoa vile vipande, wakasema mguu utapona ila atachechemea. Ukoo mzima ukamgeukia yeye. Mtu mzima unakumbatia viatu mtini, una akili kweli? Hata dada alimfokea palepale kitandani. Mimi nilikaa kwenye benchi. Hakuna aliyeniuliza niliona nini.

Siku ya tatu akaniomba nisogee.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nusura nikutie kwenye kesi."

Nikamwambia yameisha, anywe uji kabla haujapoa.