Kila Rangi na Beseni Lake

Umma unatangaziwa, wenye nyumba na wapangaji, wenye makochi na wenye mikeka, kwamba baada ya utumishi mrefu na uliotukuka katika idara ya ufuaji ya hospitali kuu, Mama Povu amevunja rasmi uhusiano wake na rangi nyeupe. Hakuna aliyefariki. Shughuli zinaendelea kama kawaida. Wanaotaka kuzipa pole kuta zake wafike nyumbani kwake, jirani na duka la vioo, na tafadhali wavae miwani ya jua.

Kusema kweli, talaka hiyo ilichelewa. Mama Povu alikuwa mke wa weupe tangu usichana wake. Alifua mashuka ya wagonjwa, makoti ya madaktari, mapazia ya wodi, na vitambaa ambavyo mtu mwenye adabu haulizi vilifunga nini. Siku ya kumuaga, wakubwa walipokezana hotuba kuhusu mchango wake kwa afya ya taifa, kisha wakamkabidhi zawadi iliyofungwa utepe: mashuka mawili, meupe. Aliwashukuru, akayapeleka nyumbani, na kabla hajavua viatu akayaloweka.

Kule kazini kulikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani, lakini iliyofuatwa ni moja tu, na hiyo haikuandikwa popote: kila rangi na beseni lake. Mama Povu aliikuta ikiwa tayari na hadithi yake. Inasemekana zamani soksi nyekundu ya daktari mmoja ilijificha kwenye mashuka, na wodi nzima ikalala kwenye pinki mpaka mwisho wa mwezi. Wagonjwa walifurahi, wakidhani wamepandishwa daraja. Dobi aliyehusika hakuonekana tena. Wengine walisema alihamishwa, wengine walisema aliolewa na daktari, lakini wote walikubaliana kwamba chanzo ni soksi. Tangu aisikie hadithi hiyo, Mama Povu hakuweza kuona kitu chekundu karibu na kitu cha rangi nyingine bila mkono kumwasha.

Baada ya kustaafu akagundua kwamba ana nyumba. Alikuwa akiitumia kulala tu. Watoto walikwisha kuondoka, mume alikwisha kutangulia mbele ya haki, na kuta zilikuwa nyeupe kiasi kwamba asubuhi alijikuta akitafuta kitanda chenye mgonjwa. Kimya kilikuwa kingi. Mtu aliyezoea mngurumo wa mashine za kufulia hawezi kuzoea saa ya ukutani.

Ndipo ikaja habari ya Dada Mkubwa. Huyu ni dada yake wa tumbo moja, mjane kama yeye, aliyekuwa mpokea simu ofisini, na tangu astaafu hakuna aliyefanikiwa kumkata. Nyumba aliyopanga ilikuwa inabomolewa, hivyo alihitaji pa kuishi. Kaka yao, mwenye ghorofa, alimkaribisha. Mama Povu naye akamkaribisha. Dada Mkubwa, kwa kuwa alijua anagombewa na alikuwa analifaidi jambo hilo, akasema atalala kidogo kwa huyu na kidogo kwa huyu, kisha atatoa uamuzi.

Mama Povu alimtaka dada yake kama mwenye kiu anavyotaka maji. Si kwa sababu za kwenye kadi za harusi. Alitaka mtu wa kumwambia kwamba chai imekuwa nyepesi, na wa kubishana naye nani aliyevunja kioo cha mama yao enzi hizo. Kwa kaka kulikuwa na sakafu ya kujionea uso, runinga pana kama mlango wa karakana, na wifi ambaye bado hajatoa plastiki kwenye makochi. Mama Povu alipiga hesabu akaona ana silaha moja: rangi. Kwa kaka kila kitu kilikuwa kijivu. Hata samaki wa kwenye tangi walichaguliwa wa kijivu.

Akamwita mpwa wake, binti wa huyohuyo kaka, ambaye kazi yake ni kupamba kumbi na ambaye baba yake alimkataza kugusa hata kitasa. Binti alifika na simu yenye picha za sebule za watu asiowajua.

"Shangazi, nyumba lazima iwe na haiba," akaanza. "Mtu akiingia tu, ajue hapa ni kwako."

"Mtu akiingia ananikuta mimi. Atakosaje kujua?"

Binti hakukata tamaa. Akaeleza kwamba unachukua ukuta mmoja unaupa rangi kali, mingine unaiacha itulie. Kisha unatupia mito ya rangi mchanganyiko ili chumba kiamke. Mama Povu alitaka kuuliza chumba kilikuwa kimelala na nani, lakini lile neno mchanganyiko lilikuwa limeshamwasha mkono. Akaitikia kila kitu, kama wazee wanavyowaitikia vijana wenye simu, na binti alipoondoka akamwita fundi rangi na kumpa maagizo tofauti kabisa.

Fundi rangi ni mtu mpole aliyezoea kupaka watu rangi ya maziwa. Aliambiwa sebule iwe njano, jikoni kijani, chumba cha mgeni buluu, na chumbani kwa mwenye nyumba nyekundu. Akapaka kuta, akashuka kwenye ngazi, akaanza kuosha brashi.

"Na dari," akaambiwa.

"Hata dari, Mama?"

"Wewe ukifua shati unaacha kola?"

Fundi alipomaliza dari, Mama Povu akaanza kazi aliyoijua. Aliichambua nyumba yake kama anavyochambua nguo chafu. Kila chekundu kilikwenda chumbani: mapazia, ndoo, zulia, hata nyanya zikahamia juu ya kabati la nguo. Vikombe vilikuwa vya buluu, kwa hiyo vikapangwa chumba cha mgeni, na aliyetaka chai ilibidi abishe hodi. Ndizi mbichi ziliishi jikoni. Zikishaiva zilipandishwa cheo kwenda sebuleni. Mpwa alipoona matokeo alikaa chini kwanza, kisha akaomba maji, kisha akakumbuka glasi hazina rangi na akauliza kwa woga zinawekwa wapi. Zilikuwa nje.

Dada Mkubwa alifika akitokea kwa kaka, na jambo la kwanza alilofanya ni kucheka mpaka akashika ukuta. Alicheka sebuleni, akacheka jikoni, na alipofika chumbani kwa mdogo wake akasema hapa mtu halali, anaiva. Mama Povu alifurahi. Kwa kaka, alijua, hakuna aliyecheka tangu msingi ulipochimbwa.

Lakini Dada Mkubwa hakuja mikono mitupu. Alikuja na gunia la mito ya makochi, aliyoinunua mmojammoja maisha yake yote kila alipokuwa na huzuni au mshahara. Kulikuwa na wa chungwa, wa pinki wenye maua meusi, mwekundu kama pilipili, na mmoja wa zambarau wenye vitone, huo ndio kipenzi chake. Aliimwaga yote kwenye makochi ya njano, akajitupa katikati yake na kusema sasa amefika.

Mama Povu alitabasamu kwa tabu. Kabla jua halijachomoza, mto mwekundu ulikuwa umeshalala chumba chekundu. Wa chungwa ulikaguliwa, ukabishaniwa kimoyomoyo, ukaruhusiwa kubaki na njano kwa masharti. Wa zambarau haukuwa na chumba, kwa hiyo ukapelekwa stoo, pamoja na mifagio, kama mgonjwa wa kutengwa. Dada Mkubwa akaitafuta mito, akairudisha. Kesho yake ikahama tena. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Waliamkiana vizuri, wakanywa chai, na vita vikaendelea chini ya heshima.

Mambo yaliharibika siku fundi rangi alipokuja kuchukua ngazi yake. Aliingia jikoni, akamsalimia Mama Povu aliyekuwa mlangoni, kisha akauliza kwa sauti ya siri yule dada yake wa maneno mengi, anayesikika mpaka barabarani, amekwenda wapi leo, mbona nyumba imetulia.

"Yupo," likajibu kochi dogo la kijani.

Dada Mkubwa alikuwa amekaa palepale, amevaa gauni la kijani, mikono mapajani. Fundi aliiangusha ngazi, akaiomba radhi ngazi badala ya mtu, na kuondoka bila kuaga. Mama Povu alicheka peke yake. Alipogeuka akaona mwenzake hacheki.

Jioni hiyo Dada Mkubwa aliingia stoo kutafuta ufagio, akatoka na mto wake wa zambarau. Safari hii ulikuwa na vumbi.

"We mtoto," alisema, akimwambia mtu mwenye wajukuu. "Nyumba yako inachekesha, na mimi napenda kucheka. Lakini kila nikiweka kitu changu, kesho yake sikioni. Kwa kaka hakuna rangi hata ya dawa, ila nikiweka mto wangu kwenye kochi, unabaki pale."

"Mto huo ni zambarau, Dada," Mama Povu akajitetea. "Hauna pa kukaa."

"Na mimi ni zambarau. Utaniweka stoo?"

Mama Povu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe dada yake alisubiri jibu. Alichopata ni mdogo wake kuupangusa mto vumbi. Asubuhi Dada Mkubwa akaenda kwa kaka kumpa habari njema, akisema atalala huko, na kesho atarudi na mpwa wao kuchukua sanduku.

Nyumba ikarudia kimya chake, safari hii kwa rangi. Mama Povu alikaa sebuleni akauweka mto wa zambarau kwenye kochi la njano. Akautoa. Akapitisha kidole pale ulipokuwa, akakitazama kidole. Akauweka tena, akakaa mbali nao, akiulinda kama maziwa jikoni. Alijua vizuri kwamba mto mkavu haumwambukizi kochi. Kichwa kilijua. Mkono ndio ulikuwa bado umeajiriwa.

Alifikiria ghorofa la kaka, na dada yake akizungumza na samaki. Kisha akasimama, akapandisha mikono ya gauni, akafunga geti kwa ndani. Majirani wanasema walisikia maji mchana kutwa, na kamba ya nguo iliinama mpaka karibu na ardhi. Wakahukumu kwamba mama wa watu ana uchungu, na kila mtu hulia kwa namna aliyojifunza.

Kesho yake Dada Mkubwa na mpwa wao walifika, gari likiunguruma nje, dereva ameambiwa asizime. Dada Mkubwa aliingia wa kwanza akasimama mlangoni.

Mapazia mekundu yalikuwa sebuleni, yakipepea kwenye kuta za njano. Blanketi la buluu limetandazwa kwenye kochi. Vikombe vimerudi jikoni, na nyanya zimerudi jikoni, zimekaa kwenye kijani zikionekana nyekundu kuliko walivyowahi kuziona. Mito ilikuwa kila mahali bila mpango wowote, na kiti cha mbele, kile cha mwenye nyumba ambacho hata mkwe hakukikalia, kilikuwa kimekaliwa na mto wa zambarau wenye vitone.

Dada Mkubwa alizunguka nyumba nzima mikono mgongoni kama mkaguzi. Alifungua stoo. Kulikuwa na mifagio tu. Akarudi sebuleni, akauchukua mto wake, akaketi kwenye kile kiti na kuukumbatia.

"Kaka atanuna," alisema, akavua viatu. "Mwambieni dereva azime gari, au aende zake. Na hii chai inakuja au tunaitazama?"

"Ikija utasema nyepesi," Mama Povu akajibu, na sauti ilimtoka vibaya kidogo, akaenda jikoni haraka.

Mpwa hakuweza kujizuia. Akamfuata shangazi yake jikoni, simu mkononi, akamwambia kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akimweleza tangu mwanzo: rangi zinaongea, zinasameheana, nyumba inakuwa kioo cha roho ya mwenye nyumba. Akamsihi aeleze, kwa faida ya wote waliofungwa ndani ya kuta zao, ni kitu gani kilichomfungua moyo hata akaziruhusu rangi ziishi pamoja. Akabonyeza kurekodi.

Mama Povu akaitazama simu.

"Niliviloweka vyote jana," alisema. "Havichuji."