Isale Nililopanda Nikicheza

Mtoto wa marehemu mdogo wangu alinipigia simu siku ya Jumatatu, nikiwa nimekaa mlangoni pa chumba changu hapa Same mjini nachambua mchicha. Aliniamkia vizuri kama kawaida yake, akaniuliza miguu inaendeleaje, kisha akanieleza kwamba Alhamisi wapimaji wa ardhi wanapanda kijijini kwetu. Kila familia iwe na mtu mzima anayeijua mipaka yake, ndipo hati ya kimila iandikwe.

“Wewe ndiye uliyebaki, Shangazi,” akasema. “Wala hutasumbuka. Kuna lile isale la kule chini kwenye tambarare. Utasimama pale, utasema mpaka ndio huu, basi. Na tofali zako nimeshazishusha palepale.”

Nilimjibu kwamba nitakuja. Nikaweka simu, nikaendelea na mchicha, na baada ya muda nikaona majani nimeyatupa chini na vijiti nimevipanga bakulini. Maana isale hilo, rafiki yangu, halikupandwa kuwa mpaka. Nililipanda mimi, nikiwa na miaka saba au minane, nikicheza.

Kama hujapata kuishi milimani kwetu Upare, huenda hulijui isale. Ni mmea wa majani marefu, membamba, yanayong’aa hata wakati wa kiangazi. Ukikata kipande cha shina ukakichomeka ardhini leo, mwakani utakikuta kimesimama. Halihitaji mbolea wala halihitaji kumwagiliwa, na ndiyo sababu wazee walilipenda kwa kuweka mipaka. Penye isale, mtu anasimamisha jembe lake.

Nyumba yetu ilikuwa mgongoni mwa mlima, upande wa Mamba, wakati ule migomba na maharage ndiyo yaliyokuwa mengi na tangawizi ilikuwa ya kutilia chai tu. Baba alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, na mama alimfuata, akaja kujifungua mdogo wangu kisha akarudi tena huko. Sisi tulilelewa na babu na bibi. Tulilala ndani pamoja na mbuzi, nikisikia wanavyotafuna hata baada ya taa kuzimwa. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka bibi alipokwenda mtoni nilimjua kwa kikohozi chake, si kwa kumwona. Chungu cha makande kilikaa mafigani tangu jioni, na kazi yangu ya kwanza nilipoamka ilikuwa kupuliza moto chini yake, macho yakinitoka machozi. Bibi hakuruhusu moto uzimike. Alikuwa akisema kwamba moshi ukikosekana wiki moja tu, mchwa watadhani tumehama na kuingia bila hodi. Mara moja kwa mwaka, Krismasi, tulikula wali wa mchele uliopandishwa kutoka Kihurio, na bibi alikuwa akiuchagua mawe mbele ya dirisha huku akiimba tenzi, punje moja moja, kana kwamba anazijua kwa majina.

Kwetu, kama kwa wenzetu wengi, nyumba ilikuwa ya mtoto wa mwisho wa kiume. Wakubwa walipewa vipande vyao wakajenge, yule mdogo akabaki na wazee, na wazee wakifa nyumba ikawa yake. Msichana hakuhesabiwa, na wala halikusemwa kwa ubaya. Bibi alikuwa akinisuka nywele akiniambia, “Wewe nyumba yako iko kwa watu, hatujui ni wapi,” nami nilikuwa nikitazama vilima vya upande wa pili na kujiuliza ni ipi.

Siku ya kupanda mpaka naikumbuka vizuri kuliko siku ya kipaimara changu, Mungu anisamehe. Babu na mzee jirani, ambaye shamba lake lilikuwa chini ya letu, walikuwa wamegombana misimu miwili kuhusu mahali shamba moja linapoishia na jingine linapoanzia. Wazee wa kanisa wakaja, wakawasikiliza, wakasali nao, wakaamua. Mpaka utapita kwenye ukingo wa mteremko, juu ya ile tambarare ndogo. Tambarare ikawa ya jirani. Babu hakufurahi, lakini alikubali, na alipokubali jambo alilikubali lote. Alikata vipande vya masale mwenyewe. Mimi nilikaa kando ya shimo nikishika kila kipande kisimame wima, yeye akirudishia udongo kwa jembe.

“Huyu msichana ndiye shahidi wetu?” mzee jirani alicheka. “Kesho ataolewa Usangi, mpaka wetu utamfuata huko huko!”

“Ameshika udongo wake,” babu akamjibu. “Atakumbuka.”

Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwa bibi, amelala, kofia ya sufu imemfunika mpaka puani.

Walipomaliza, kipande kimoja kilibaki. Babu alikitupa majanini wakaenda kunywa uji. Nilikiokota. Sisi watoto tulikuwa tukicheza kwenye ile tambarare siku zote. Mzee jirani hakutufukuza hata baada ya kuwa yake rasmi. Nilikuwa na nyumba yangu pale, mstari wa mawe tu, na mafiga matatu ya udongo, na mlango uliokuwa pengo kati ya mawe mawili. Nikaona nyumba ya mtu mzima haikosi isale. Nikakichomeka kule mwisho kabisa, upande wa chini, nikakikanyagia udongo kama babu alivyofanya, nikawaambia wenzangu, “Hapa ndipo kwangu panapoishia.” Kisha mvua ikanyesha, tukakimbia.

Sikuolewa Usangi wala kwingineko. Mungu aliniita nikawa mwinjilisti, na kwa miaka yote ya kazi nililala katika nyumba za usharika, leo bondeni, keshokutwa mlimani, kila ninapohamishwa ninafunga godoro langu na kumwachia ndugu mwingine funguo. Sikunung’unika. Palikuwa na sehemu ambapo mtangulizi wangu alikuwa ameacha maua dirishani, na nyingine ambapo popo ndio walionipokea. Nilipostaafu nikapanga chumba hapa mjini, kwa mama mmoja mwenye heshima ambaye hubisha hodi hata kwenye uwanja wake mwenyewe akiniona nimekaa. Kabla ya kufika kwake nilibadilisha vyumba mara tatu. Upepo wa Same unaujua. Unaingia na vumbi chini ya mlango, na kila asubuhi nafagia mchanga ambao si wangu kutoka kwenye sakafu ambayo si yangu.

Mdogo wangu alirithi nyumba, akaipaua kwa bati, akaoa, akazaa. Bei ya tangawizi ilipopanda alilima mpaka ukingoni, masale yakawa yanamzuia, akayakata moja baada ya jingine. Hakuwa mwizi. Alikuwa amelala siku ile, na aliliona isale moja limebaki kule chini, refu, limeshiba, akaamini ndilo mpaka. Kila nilipokwenda likizo nililiona na kutabasamu peke yangu. Sikuwahi kumweleza mtu. Nani angependa kusikia kwamba mwinjilisti mzima anautazama mchezo wake wa utotoni? Wala hakuna aliyeniambia kwamba limekuwa mpaka, hadi mdogo wangu alipokwisha kuzikwa na mwanawe akaniahidi kunijengea.

Ni kijana mwema. Alinihurumia kwa kuhamahama kwangu. Alisema pale kwenye tambarare ndipo mahali pekee ambapo mtu wa miguu kama yangu anaweza kuishi, maana kwingine kote ni mteremko, na nyumba kubwa imejaa watoto wake. Chumba kimoja na kibaraza cha kuelekea jua. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kitanda.

Alhamisi nilipanda na gari la asubuhi, kisha bodaboda kwa kipande cha mwisho. Kijana wa bodaboda akaniambia, “Bibi, nishike kiunoni bila aibu, hapa juu hakuna kurudi nyuma.” Nilicheka, nikamshika. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeomba, na katika kuomba nilijikuta ninamweleza Bwana hoja. Kwamba miaka imepita mingi. Kwamba wazee wote wamekufa. Kwamba ningekaa pale miaka mitano, labda sita, na ardhi ingebaki kuwa ardhi. Nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kuomba, na najua sala inapogeuka kuwa utetezi.

Tambarare ilikuwa na watu kama kumi. Mtendaji wa kijiji na daftari lake, mpimaji na kifaa chake kidogo mkononi, wazee wawili wa baraza, mtoto wa mdogo wangu na mkewe, na yule mama wa chini, mjane wa mjukuu wa mzee jirani. Alisimama peke yake na jembe, hakuniangalia. Tofali zilikuwa zimepangwa vizuri, zimefunikwa majani ya migomba.

“Shikamoo, Mama Mwinjilisti,” mtendaji akasema. “Tunakuhitaji kwa dakika mbili tu. Huyu mama anadai tambarare hii ni yao. Sasa isale si hili hapa? Wewe tuambie tu, tuandike.”

“Marahaba,” nikajibu. “Isale hilo nililipanda mimi.”

“Ndiyo, tumesikia ulikuwepo mlipopanda.”

“Hapana. Mpaka ulikuwa kule juu, ukingoni. Hili nililipanda peke yangu, baadaye, nikicheza. Palikuwa na kibanda changu cha mawe.”

Kisha mmoja wa wale wazee wa baraza akaangua kicheko. “Basi tupime na vibanda vya watoto wote wa kijiji hiki! Hata mimi nilikuwa na ghorofa kule bondeni!” Wakacheka wote, isipokuwa yule mjane na mtoto wa mdogo wangu.

Mtendaji akaniuliza kama nina shahidi. Nikatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta mwavuli wake. Babu, bibi, mzee jirani, wale wazee wa kanisa, wenzangu tuliocheza nao pale. Nilikuwa nimewaimbia karibu wote makaburini. Nikamwambia sina. Nikamwonyesha mpimaji ukingo, nikahesabu hatua kutoka kwenye mwamba ambapo babu alianzia kupanda, na kwenye hatua ya nne mke wa kijana wetu akachokoa udongo kwa fimbo, tukakuta shina la isale, limekatwa, limeoza nusu, bado lina mzizi. Mpimaji akabonyeza kifaa chake.

Nilidhani mjane atafurahi. Alinijia mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini, “Miaka tisa watoto wangu wanaitwa watoto wa mwenye tamaa. Hata kwenye foleni ya maji. Wewe ulikuwa wapi, mama?”

Nilimwambia anisamehe. Akaitikia kwa kichwa, akashika jembe lake akashuka, na hakugusa isale wala tofali.

Mtendaji alinipa daftari niweke sahihi. Palikuwa na mahali pa kuandika makazi. Nikaandika Same mjini. “Kwako?” akauliza, kalamu ikisubiri. Nikasema nimepanga.

Mke wa kijana alinipikia makande, akaniwekea maziwa ya mgando pembeni, nasi tukala. Jikoni kuna jiko la gesi sasa, na dari imepakwa rangi nyeupe. Nilitafuta harufu ya nyumba ile nisiipate, na hakuna mtu mle ndani ambaye ningemuuliza kama naye anaikumbuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko tambarare. Unapobaki peke yako, hata ukweli wako watu wanaupokea kwa hisani tu. Wangeweza kukataa. Laiti angekuwepo mmoja wa kusema, ndiyo, nami nilikuwepo, mvua ikanyesha tukakimbia.

Kijana alinisindikiza hadi barabarani amebeba mfuko wangu. Pikipiki ilipofika ndipo akasema, “Ungenyamaza tu, Shangazi. Nani angejua?”

“Ungejenga juu ya uongo wangu, mwanangu, na hati ikiwa na jina lako.”

Akatazama chini. “Tofali nitaziuza. Ila tutaona, labda tukichimba mteremko. Tutaona.”

Nilimwambia Mungu ambariki, na nilimaanisha. Lakini nimeishi vya kutosha kujua uzito wa hilo neno lake la mwisho.

Nilirudi chumbani kwangu. Mama mwenye nyumba alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, nikasema njema. Kwa miaka mingi, jioni, nimekuwa na desturi ya kushukuru kwanza kisha kuomba: naanza na pumzi, chakula, wagonjwa wa mtaa, watoto wa ndugu zangu, halafu namalizia na ombi langu moja, kwamba kabla ya kuitwa nipate mahali ambapo nikifunga mlango ni wangu. Bado naanza vilevile. Nikifika kwa watoto wa ndugu zangu nawataja wote kwa majina, polepole, na siku hizi namtaja na yule mjane na watoto wake. Kisha nasema amina. Sala yangu imekuwa fupi kidogo, na baada yake nasikiliza upepo.