Bango la Mtoto Asiye na Mtu

Ofisini walimwita Kiguu na Njia, naye hakulikataa jina. Kazi yake ilikuwa kuchangisha fedha na kulisemea shirika dogo lililowaunganisha watoto na watu wazima wa kujitolea: nesi, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mtu yeyote mwenye moyo wa kukaa na mtoto kila wiki, amsikilize, amsaidie masomo, amwonyeshe dunia ilivyo. Yeye mwenyewe kukaa kulimshinda. Simu alizipokea akitembea, kutoka dirishani hadi kwenye mashine ya kuchapia na kurudi. Chai yake ilipoa juu ya kabati la mafaili, akaisahau, akachemsha nyingine. Mumewe, fundi wa mafriji, alizoea kumwambia, "Mke wangu, hata friji huwa inazima kidogo ikapumua." Yeye alicheka huku keshafika mlangoni.

Wiki ile hakushikika kabisa. Ijumaa wafadhili walikuwa wamealikwa chakula cha mchana, na bajeti ya mwaka mzima ilitegemea mlo huo. Kwa ajili ya siku hiyo alikuwa ametengeneza bango: msichana mdogo, mashavu yamelowa machozi, na chini yake maneno aliyoyatunga mwenyewe, "Hana mtu wa kumshika mkono. Je, utakuwa wewe?" Lilibandikwa benki, maduka ya dawa na kliniki. Simu zikamiminika. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi alipiga mwenyewe, akasema picha ile imemkosesha raha. Alikuwa tayari kugharamia mpango huo katika shule mbili nzima, mradi Ijumaa amwone mtoto huyo kwa macho yake.

Jumatano asubuhi mama mmoja mtu mzima aliingia ofisini bila kubisha hodi, mkoba kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ni wewe unayeandika yale maneno?"

"Maneno gani, Bibi?"

"Jana niko kliniki, nasubiri kupimwa presha. Nainua macho, namwona mjukuu wangu ukutani analia. Ati hana mtu wa kumshika mkono." Aliweka mkoba mezani, akanyoosha viganja vyote viwili. "Na hii ni mikono ya nani? Nani anamwogesha? Nani anamsuka? Kivuli?"

"Bibi, picha si ulituruhusu..."

"Picha, ndiyo. Siku ya michezo. Unajua alikuwa analilia nini siku hiyo? Alishindwa mbio za magunia. Tena alikuwa wa pili!"

Kiguu na Njia akataka kucheka, akajizuia. Akamwomba radhi, lakini Bibi alikuwa keshachukua mkoba wake. "Radhi kamwombe mwenye uso wake," akasema, akatoka.

Mkurugenzi, mwanamume mpole aliyechukia kelele, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta miwani yake. "Ruhusa ya picha tunayo."

"Ya picha. Hayo maneno hatukumwuliza mtu."

"Basi subiri Jumamosi. Ijumaa ikishapita, tutayabandua yote."

Alijaribu kusubiri. Alifungua kompyuta, akaifunga. Akapanga viti vya wageni kwenye karatasi, akavipangua. Ilipofika saa ya watoto kutoka shule, alijikuta yuko getini.

Msichana alimtambua mara moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyempiga picha. Hakuonekana na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Shuleni wananiita Hana Mtu," alisema. "Na nesi wangu akija kunichukua, wanapiga kelele, 'Mtu kaja! Mtu kaja!' Juzi nilimwambia asije tena."

Nesi huyo ndiye aliyekuwa mshauri wake, na shirika ndilo lililowakutanisha. Kazi yote ya mwaka, na bango moja limeivunja. Kiguu na Njia akachuchumaa mbele yake.

"Nisamehe, mwanangu. Yale maneno niliyaandika mimi, na hayakuwa kweli."

"Utayatoa?"

"Leo hii."

Akaanzia kliniki. Kwenye ukumbi wa benki mlinzi alimsimamisha. "Dada, hilo tangazo halibanduliwi ovyo." Akamjibu, "Nimelibandika mimi, kaka, niache nilibandue," na sauti yake ilimfanya mlinzi amshikie ngazi. Alhamisi jioni miguu ilikuwa imevimba, na hata ukuta wa nyuma ya jukwaa, pale wafadhili watakapokula Ijumaa, ulikuwa mtupu.

Ijumaa mfanyabiashara alifika na mkewe, akatazama huku na huku. "Mtoto wetu yuko wapi?"

Akamweleza ukweli wote, wamesimama katikati ya viti, mbio za magunia na Bibi na kila kitu.

"Kwa hiyo mlinihurumisha bure?"

"Nilikupa sababu ya uongo, mzee wangu. Sababu ya kweli ninayo pia, kama utanisikiliza."

Hakusikiliza. Aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Wengine walichanga, lakini shule zile mbili zilibaki nje ya mpango wa mwaka huo. Kwa siku nyingi mkurugenzi alimsemesha kwa salamu tu.

Alichokifanya baadaye ni kwenda kwa Bibi na rasimu ya bango jipya. Bibi alimpa kigoda, akasoma kidole kikifuata mstari. "Hapa umesema tunaishi kwa shida. Shida gani? Futa." Akafuta. Halafu Kiguu na Njia akamgeukia msichana, aliyekuwa amekaa kando yao, akamwuliza ni picha gani angependa.

"Mimi sitaki kuwemo."

"Sasa tumweke nani?"

Msichana akamtazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza wapi. "Si mnatafuta watu wazima? Wekeni mtu mzima."

Bango jipya lilimwonyesha nesi, ambaye Bibi alikuwa amemfuata mwenyewe kumrudisha, amekaa ngazini baada ya zamu, anasikiliza mtu asiyeonekana pichani. Fedha halikuleta nyingi. Liliwaleta seremala, karani wa posta na dada wawili waliogombana ofisini nani aanze kujiandikisha.

Kiguu na Njia hakutulia. Kila akiandika sentensi kuhusu mtoto, huinuka, huzunguka meza, kisha huchukua simu akapiga nyumbani kwa mtoto huyo. "Samahani kuwasumbua," huanza. "Nina maneno hapa, nataka niwasomee."